Mwulize Babu Habari za Bunduki Yake

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wa Kiafrika waliopigana upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mishahara hiyo ilikuwa imelala kwa zaidi ya miaka 45. Dirisha la malipo likafunguliwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache walikuwa na hati walizopewa vita vilipokwisha. Wengine walileta vipande vya sare vilivyochakaa, na wengi hawakuwa na chochote ila maneno yao.

Charles Miller, katika kitabu alichokitoa mwaka 1974 juu ya vita hivyo, anasimulia kwamba ofisa wa benki aliyetumwa kulipa alibuni njia ya kumtambua askari wa kweli. Kila mzee aliyejongea alikabidhiwa ufagio, kisha akapewa kwa Kijerumani amri za kwata ya silaha. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa, zimelowa mvua, zimepotea katika kuhama na kuhama. Mikono ilikuwa bado inajua. Wanaume waliokwisha kuwa na wajukuu walishika mpini wa ufagio wakauinua, wakautia begani, wakaushusha mguuni, kwa mpangilio waliofundishwa ujanani. Historia ya utumishi wao ilikuwa imehifadhiwa mwilini, mahali ambapo hapakuwa na karani wa kuipoteza.

Kwa hiyo nasema hivi: anayetaka kusikia vita vya mzee aanze kwa kumwuliza habari za bunduki yake. Vijana wengi huanza na swali gumu kuliko yote, kama aliua, na mzee hunyamaza. Akiulizwa bunduki yake ilikuwa na uzito gani, ilijazwaje, ilikwama akiwa wapi, maneno huja, na nyuma ya maneno hayo huja majina ya wenzake, mito waliyovuka na njaa waliyoilala.

Moshi uliowaumbua

Vita vilipozuka Agosti 1914, kombania nyingi za jeshi la Wajerumani katika Tanzania Bara ya leo zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871. Ilikuwa bunduki ya risasi moja. Askari alipiga, akafungua komeo, ganda likatoka, akatia risasi nyingine kwa mkono. Risasi yenyewe, ya milimita 11, ilikuwa nzito na ya kutisha, lakini ilisukumwa na baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi, na moshi huo ulimwonyesha adui mahali hasa alipolala mpigaji. Wakati huo majeshi mengi ya Ulaya yalikwishaanza kutumia baruti isiyotoa moshi. Askari wa Tabora au Iringa aliingia vitani na silaha iliyomfichua kwa wingu hata pale kichaka kilipomficha.

Novemba 1914 kikosi cha Waingereza kilichotoka India kilishuka Tanga, kikashindwa, kikarudi melini na kuacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha na risasi zaidi ya nusu milioni. Kombania kadhaa za Wajerumani zikapata silaha za kisasa kwa mkupuo mmoja. Tangu hapo jeshi hilo, chini ya kamanda wake Paul von Lettow-Vorbeck, lilijizoeza kuishi kwa kuteka. Novemba 1917 lilivuka Mto Ruvuma likawashinda Wareno huko Ngomano na kujaza tena mikoba yake. Liliposalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zaidi ya elfu moja zilizowekwa chini zilikuwa za Kiingereza na Kireno.

Askari aliyedumu miaka yote minne angeweza kuwa amebeba bunduki za mataifa matatu. Ndiyo maana mtihani wa Mwanza ulihusu kwata, ile iliyofundishwa kabla ya yote kubadilika. Silaha zilibadilika mikononi mwao kama alivyotaka adui na bahati; mafunzo ya kwanza hayakubadilika.

Risasi kumi za Burma

Kizazi kilichofuata kilibeba Lee-Enfield, bunduki ya .303 ya Waingereza. Askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo watu wa kawaida waliliita Keya, walikwenda nayo Abisinia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, kisha Ceylon na Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru, ilikuwa na vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland. Katika mvua za mwaka 1944 ilishuka Bonde la Kabaw, bonde lililoogopwa kwa malaria, kwenye njia zilizogeuka tope. Chakula na risasi viliangushwa na ndege. Desemba mwaka huo ilikuwa imefika na kuuvuka Mto Chindwin.

Bunduki hiyo ilikuwa na uzito wa kilo nne hivi, na magazini yake ilichukua risasi kumi, zilizoingizwa tano tano kutoka katika vibanio vya chuma. Risasi ya .303 ina ukingo uliotokeza kwenye kitako chake. Ukingo wa risasi ya juu ukiangukia nyuma ya ukingo wa risasi ya chini, zinakamatana na bunduki inakwama. Kuruta alifundishwa kuzipanga mpaka vidole vikajua vyenyewe, hata gizani. Komeo lake lilikuwa jepesi na la safari fupi, na askari aliyezoezwa vizuri aliweza kufyatua risasi 15 zilizolengwa kwa dakika moja. Kwa upande wa pili, teke lake halikuwa la mchezo: asiyekikaza kitako begani alilala na maumivu.

Ndani ya kitako mlikuwa na kitundu chenye kifuniko cha shaba. Humo alitunza kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Katika nchi ya mvua isiyokatika, kutu ilikuwa adui wa kila siku. Askari aliweza kulala amelowa, na buti zikamwozea miguuni, lakini bunduki lazima ifutwe na kupakwa mafuta kabla ya giza, maana alfajiri afande angechungulia ndani ya mtutu. Kitu ambacho mtu amekifuta kila jioni kwa miaka mitatu, tena kikamvusha salama, hakiwezi kuwa chuma tu kwake.

Elimu hiyo haikubaki Burma. Waruhiu Itote, ambaye Wakenya walimjua baadaye kwa jina la Jenerali China, alipigana huko akiwa askari wa Keya. Alipoingia msituni na Mau Mau miaka ya 1950, wapiganaji walikuwa na uhaba mkubwa wa silaha. Mafundi wao walitengeneza bunduki kwa vipande vya bomba la maji, wakatumia komeo la mlango na mpira wa kuvutia. Nyingi zilikuwa hatari kwa mwenye kuzishika kuliko kwa aliyelengwa. Katika msitu huo, mtu aliyewahi kushika .303 iliyotiwa mafuta alijua vizuri mno alichokosa mwenzake.

SAR na SMG

Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na jeshi hilo lililorithiwa kwa mkoloni likavunjwa. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Siasa mpya ilikuja na marafiki wapya, na marafiki wapya walikuja na silaha zao, hasa China. Vijana wa jeshi na wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wakazizoea bunduki mbili ambazo mpaka leo zinatajwa kwa herufi tatu tatu: SAR na SMG.

SAR ni bunduki iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov, na China ikatengeneza zake kwa wingi. Ni ndefu, ina mbao, inabeba risasi kumi, na kila ukivuta kifyatulio inatoka moja. Singe yake haivuliwi. Imekunjwa chini ya mtutu, na kuikunjua ni kitendo cha sekunde. SMG ni ile ya ukoo wa Kalashnikov: fupi zaidi, magazini iliyopinda yenye risasi 30, na ukitaka inamimina. Zote mbili zinatumia risasi ya aina moja, ya milimita 7.62, jambo lililorahisisha kazi ya kupeleka risasi mstari wa mbele.

Wastaafu wakikutana, ubishi wa SAR na SMG hauishi. Upande mmoja husifu SAR kwa shabaha: ina mtutu mrefu, inatulia begani, na kwa kuwa inatoa moja moja inamlazimisha mtu kulenga. Upande wa pili hujibu kwamba risasi kumi ni chache adui akiwa karibu, na kwamba SMG iliyoingia tope bado italia. Msikilizaji makini atagundua kwamba kila mmoja anaeleza kazi aliyopewa. Aliyelinda daraja usiku anazungumza tofauti na aliyeingia mjini nyumba kwa nyumba.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera, bunduki hizo ziliondoka kwenye uwanja wa shabaha. Wanajeshi, askari polisi, magereza, JKT na wanamgambo walikusanywa na kupelekwa kaskazini magharibi. Kutoka Mutukula hadi Masaka, kutoka Masaka hadi Kampala iliyoanguka Aprili 1979, na kutoka hapo hadi mpaka wa Sudan mwezi Juni, sehemu kubwa ya safari ilifanywa kwa miguu. Mizinga ya roketi iliyoitwa saba saba ilitikisa ardhi na kupata sifa. Lakini mizinga ilikuwa ya wachache. Bunduki ilikuwa ya kila mtu, begani kutwa, ubavuni usiku, na namba yake ikakaa kichwani pamoja na namba ya utumishi.

Waliobeba bila bunduki

Upendo huu wa mzee kwa bunduki yake haupaswi kutufumba macho. Mauser ile ile ya moshi ilitumika kuzima vita vya Maji Maji kuanzia mwaka 1905, na bunduki za rashasha ziliwafyeka wapiganaji wa kusini walipolishambulia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti mwaka huo. Waliofyatua wengi walikuwa Waafrika waliovaa sare. Mzee anaweza kuikumbuka silaha yake kwa mapenzi, na mjukuu wa aliyepigwa kwayo akaikumbuka kwa machungu, na wote wakawa wanasema kweli.

Tena wapo ambao hawakuwahi kuwa na bunduki ya kukumbuka. Vita vya 1914 hadi 1918 vilisimama juu ya vichwa vya wapagazi. Waingereza peke yao waliwakusanya mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mpagazi alibeba risasi ambazo mwingine angezifyatua. Kama naye angefika kwenye dirisha la Mwanza, ufagio usingemsaidia, kwa sababu hakuna kwata ya kubeba mzigo. Aliyefundishwa silaha alipata ushahidi wa kuonyesha. Aliyefundishwa kuvumilia tu hakupata.

Hata shaba imemkumbuka zaidi mwenye silaha. Mnara wa Askari katikati ya Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927, una askari mmoja anayesonga mbele na bunduki yenye singe. Mnara wa Nairobi, wa mwaka uliofuata, ulimpa mpagazi nafasi karibu na askari, na hapo ulitenda haki zaidi. Sisi tunaokusanya kumbukumbu leo tufuate mfano wa Nairobi: tumwulize mwenye bunduki, kisha tumwulize nani alimletea risasi, nani alimpikia, nani alimbeba alipoumia.

Muda uliobaki

Sauti za Mauser zimekwisha. Za Burma zimebaki chache mno. Vijana waliokuwa na miaka 20 vita vya Kagera vilipoanza sasa wanaelekea 70, na wale waliokuwa masajini wao wamevuka 80. Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa kwa gwaride na mashada, na wale wa vita vya Kagera waliolala Kaboya, wilayani Muleba, wanastahili heshima hiyo. Walio hai wanastahili kitu cha ziada: mtu wa kukaa nao mchana mzima, simu yake ikiwa inarekodi.

Maswali si mengi. Ulipewa bunduki gani na wapi? Nani alikufundisha kuifungua na kuifunga? Ilikwama lini, ukafanya nini? Uliwahi kumwachia mwenzako? Siku uliyoirudisha ghalani, uliagana nayo vipi? Swali la kwanza litaleta fahari, la tatu litaleta hofu, la nne litaleta jina la rafiki ambaye huenda familia yake haijui alifia wapi. Mpe mzee muda kati ya swali na swali, na usimsahihishe tarehe. Vitabu vinaweza kutupa tarehe. Jina la yule rafiki analo yeye tu.

Si lazima tuipende bunduki ili tumheshimu aliyeibeba kwa ajili yetu. Tunachotakiwa ni kuuliza kabla hajaondoka, kuandika anachosema, na kuwapa watoto wake nakala. Serikali ya mbali ilichelewa zaidi ya miaka 45 kuwatafuta askari wake. Sisi hatuna kisingizio hicho: wazee wetu wamekaa barazani, na wengi wao wanangoja kuulizwa.