Fataki: Mchezo unarekodiwa kwenye Linux, video inatoka nyeusi

Kwa kijana wa Fataki, katika eneo la Djugu, anayewasha kompyuta kwa sola au jenereta, saa moja ya kurekodi mchezo ni betri ama ni mafuta. Ndiyo maana inauma kufungua video na kukuta sauti iko, lakini picha ni giza tupu.

Wengi hulaumu kompyuta ya okazio. Mara nyingi haina kosa.

Linux huonyesha picha kwa njia mbili: X11, ya tangu 1987, na Wayland, iliyoanza 2008. Kwenye X11, mchezo ukijaza skrini, mfumo unaweza kuacha kuunganisha madirisha ili mchezo uende mbio. Hapo OBS Studio iliyoelekezwa kwenye dirisha la mchezo hubaki na picha nyeusi au iliyoganda. Ielekeze kwenye skrini nzima, ama cheza ndani ya dirisha.

Wayland hairuhusu programu moja kuchungulia nyingine bila idhini yako. Ni ulinzi mzuri, hasa kwa kompyuta inayotumiwa na watu wengi. OBS huomba idhini hiyo kupitia PipeWire tangu toleo la 27, la mwaka 2021. Toleo la nyuma yake halina njia hiyo.

Kujua unatumia ipi, andika kwenye terminali: echo $XDG_SESSION_TYPE. Kisha rekodi nusu dakika tu, mchezo ukiwa umejaza skrini, na uifungue kabla ya kucheza saa nzima.