Raksha Bandhan: Uzi wa Dada, Zawadi ya Kaka na Simu Yako

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Kwa Wahindu, kuna siku maalum ya kukumbushana jambo hilo. Inaitwa Raksha Bandhan, yaani kifungo cha ulinzi, na wengi huiita Rakhi kwa kifupi. Husherehekewa siku mwezi unapokuwa mpevu katika mwezi wa Shravan wa kalenda ya Kihindu, ndiyo maana tarehe yake hubadilika kila mwaka. Mwaka wa 2025 ilikuwa Agosti 9, na 2026 ni Agosti 28.

Siku yenyewe huwaje? Dada huandaa sinia lenye taa ndogo, unga mwekundu, punje za mchele na mithai kama laddu. Humpaka kaka yake alama nyekundu kwenye paji la uso, humfunga uzi wa rakhi kwenye mkono wa kulia, kisha humlisha mithai. Kaka naye humpa zawadi, mara nyingi pesa, na kumwahidi kuwa atamlinda. Si lazima wawe wamezaliwa tumbo moja. Binamu hufungwa rakhi, hata jirani aliyekuwa kama ndugu.

Hapa Kenya, familia za Kihindu huiadhimisha Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine. Lakini ndugu hawaishi tena nyumba moja. Dada akiwa mbali, huutia uzi kwenye bahasha na kuutuma mapema. Kaka huufunga mkononi, halafu anashika simu atume zawadi. Hapo ndipo sisi tunaingia.

Shilingi moja ya baraka

Kwa desturi, zawadi ya pesa huongezwa moja: 101, 501 au 1,001. Ile moja ya ziada ni ya baraka, ishara kwamba hesabu haijafungwa na uhusiano unaendelea.

Sasa cheki hii. Ada za kutuma pesa hupangwa kwa viwango, na mara nyingi kiwango huishia kwenye 500 au 1,000. Kwa hivyo ile shilingi moja inaweza kukupeleka kwenye ada ya juu zaidi. Hatusemi uitoe, maana hiyo ndiyo baraka yenyewe! Angalia tu jedwali la ada mapema, na uweke salio la kutosha. Au tuma 1,000, ile sarafu umwekee umpe mkononi mkikutana. Na kama dada atahitaji keshi, ongeza na ya kutoa, zawadi imfikie ikiwa nzima.

Kabla hujabonyeza

Siku za sikukuu watu hutuma pesa haraka haraka, na matapeli wanajua. Chunga haya:

- Soma jina la mpokeaji linapotokea kwenye simu. Kama si la dada yako, simamisha hapo hapo.
- Ukituma kwa namba isiyo yake, usingoje kesho. Omba pesa zirudishwe mara moja, kabla aliyezipokea hajazitoa.
- Ukipata ujumbe, "Kaka, simu yangu imeharibika, tuma kwa namba hii," usitume. Mpigie dada kwa namba yake ya kawaida. Asiposhika, ulizia kwa mtu mwingine wa nyumbani.
- Dada naye akiambiwa, "Nimekutumia kimakosa, nirudishie," aangalie salio lake kwanza. Ujumbe wa kupokea pesa unaweza kughushiwa. Hata kama pesa zimeingia kweli, amwambie huyo mtu apitie huduma kwa wateja.

Namba ya siri si zawadi

Hili ni gumu kidogo, maana linagusa mapenzi. Katika familia nyingi, kaka anajua namba ya siri ya dada, au dada ndiye ana ya mama. Inaonekana kama uaminifu. Lakini siku pesa zikipotea, wa kwanza kushukiwa ni yule anayeijua, hata kama hajagusa chochote. Undugu wa miaka mingi unaweza kuvunjika kwa sababu ya tarakimu nne tu.

Kukataa kuijua namba ya siri ya dada yako si kumnyima uaminifu. Ni kumlinda, na kujilinda wewe pia. Kama mama hawezi kutumia simu vizuri, kaa naye, mfundishe polepole, aandike namba yake mwenyewe huku wewe ukitazama pembeni.

Basi Rakhi ikifika, tuma zawadi yako. Halafu piga simu, hata dakika tano. Muulize dada kama imefika, na umwambie ule uzi umeuvaa. Uzi wenyewe ni mwembamba, lakini ahadi iliyofungwa nao ni ya mwaka mzima.