Habari za Wanawake Waliopigwa au Kuuawa: Ziandikwe Vipi?

Leo tutazame namna magazeti na redio zinavyoeleza habari za wanawake waliopigwa au kuuawa. Tuanze na maneno matatu mliyokwisha kuyasoma mara nyingi: "wivu wa mapenzi." Mtu amemchoma mkewe kisu, na kichwa cha habari chasema amemwua kwa wivu wa mapenzi. Nani alisema ni wivu? Mara nyingi ni mwuaji mwenyewe, au jirani aliyesikia kwake. Marehemu hana kinywa. Basi gazeti limepokea udhuru wa upande mmoja na kuupiga chapa kana kwamba ndiyo sababu.

Chukueni kisa cha Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyeshiriki mbio za marathoni katika Olimpiki ya Paris, Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba mwaka huo alimwagiwa petroli na kuchomwa moto huko Endebess, Kenya, akafa siku nne baadaye hospitalini Eldoret. Habari za kwanza zilitaja ugomvi wa kiwanja, na kweli polisi waliutaja. Lakini baba yake alieleza kwamba malalamiko juu ya mtu yule yalikwisha kupelekwa polisi. Ukiandika "ugomvi wa kiwanja" ukakoma hapo, msomaji huona watu wawili waliogombana. Ukiandika na yale malalamiko, atauliza kwa nini hakulindwa.

Sisemi mwandishi ahukumu. Kabla ya hukumu mtu ni mtuhumiwa, hata kijiji kizima kikiwa kimekwisha kata shauri. Ila kosa liitwe kwa jina lake. Kubaka ni kubaka. "Kumfanyia mapenzi kwa nguvu" ni maneno ya uongo, maana mapenzi hayamo. Aliyebakwa asitajwe jina, wala shule yake, kijiji na kazi ya baba yake. Mahali padogo hayo yatosha kumtambulisha. Na mavazi yake ya nini? Sijapata kusoma habari ya wizi wa ng'ombe inayoeleza nguo alizovaa mwenye ng'ombe.

Kwa wasomaji wa Kenya, chini ya habari iwekwe nambari ya simu 1195, ya msaada, isiyolipiwa. Mstari mmoja tu.

Kazi ya juma hili: kila kikundi kikate gazetini habari moja ya namna hii, kipige mstari chini ya kila neno lililotoka kwa mtuhumiwa likaandikwa kama kweli, kisha kiiandike upya.