Katika Msafara wa Mamba, na Kenge Wamo: Maana ya "Mnyamapori" na Masharti ya Kufuga Mijusi Nyali

Utangulizi

Methali isemayo kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo hutumiwa aghalabu kuwabeza wasio na hadhi wanaojipenyeza miongoni mwa wenye hadhi. Katika mtaa wa Nyali, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, methali hii ina maana iliyo karibu zaidi. Hapo ndipo kilipo kituo cha Mamba Village, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa ufugaji wa mamba. Nje ya kuta zake, katika vichaka na mitaro ya mtaa, hupita kenge na vinyonga, na ndani ya nyumba mijusi huwinda mbu penye taa. Hata kimaumbile kenge wa majini humfuata mamba kweli, kwa kuwa hupenda kufukua mayai yake na kuyala.

Swali linalozushwa na hali hii ni jepesi kuuliza. Ikiwa mamba anafugwa Nyali mchana kweupe, je, mkaazi wa mtaa huo aweza kufuga kenge, kinyonga, au mjusi aliyeletwa kutoka ng'ambo? Jibu fupi ni kwamba hawezi pasipo idhini. Jibu refu linahitaji kueleza idhini hiyo hutoka kwa nani na kwa sababu gani. Makala haya yanashughulikia jibu hilo refu, na yanadai kwamba neno moja la Kiswahili, "mnyamapori", ndilo linalowapoteza wengi kabla hawajaifikia sheria yenyewe.

Mijusi katika msamiati wa pwani

Msamiati wa pwani una majina kadhaa ya jamii hii ya wanyama. Mjusi kafiri ni yule mdogo apandaye kuta za nyumba. Jina lake linahusishwa na kisa kinachosimuliwa katika mapokeo ya Kiislamu, kwamba alipuliza moto aliotiwa Nabii Ibrahimu ili uzidi kuwaka. Guruguru ni mjusi mnene akaaye katika mashimo ardhini. Kenge ndiye mkubwa wao. Kinyonga, ambaye baadhi ya watu humwita lumbwi, anajulikana kwa kubadili rangi na kwa mwendo wake wa kusitasita. Jina la kinyonga limevuka hata mipaka ya Kiswahili: mwaka 2006 wanasayansi waliunda jenasi mpya ya vinyonga wa Afrika Mashariki na ya Kati wakaiita Kinyongia. Miongoni mwao wamo wanaoishi katika milima ya Taita, si mbali sana na Mombasa.

Majina haya yanaonyesha kwamba Mswahili humtambua mjusi kwa mahali anapoishi na kwa uhusiano wake na binadamu. Mjusi kafiri ni wa ukutani, guruguru ni wa shimoni, kenge ni wa mtoni na vichakani. Kwa mtazamo huo, mnyama wa pori ni yule aliye porini, na aliye nyumbani si wa pori tena.

Kitenzi "kufuga" nacho kinaimarisha mtazamo huo. Mtu hufuga ng'ombe na kuku, lakini pia hufuga ndevu, nywele na kucha. Maana iliyo katika matumizi yote haya ni kukiacha kitu kikae na kukitunza kikue. Kwa hiyo kijana anayemwokota kinyonga kwenye ua wa bustani, akamweka katika kisanduku na kumlisha panzi, husema kwa dhati kwamba anamfuga. Kwa maoni yake, kitendo cha kumtunza kimekwisha kumtoa mnyama huyo porini na kumweka pamoja na kuku wa mama yake.

Maana ya kisheria ya mnyamapori

Sheria haikubaliani na kijana huyo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014 na kuchukua nafasi ya ile ya 1976, inakusanya chini ya dhana ya mnyamapori viumbe wa mwituni walio wa asili ya nchi, wakiwemo wanyama, mimea na hata viumbe wadogo mno, pamoja na spishi zilizoletwa Kenya au zilizokwisha kujikita humo. Maana hii ina matokeo matatu.

Kwanza, ukubwa wa kiumbe si hoja. Sheria iliyomlinda tembo inamlinda pia mjusi. Mwezi Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kupatikana na maelfu ya chungu hai waliokusudiwa wateja wa ng'ambo wanaofuga wadudu. Ikiwa chungu amefika mahakamani, kenge hana pa kujificha.

Pili, pori si mahali. Kinyonga haachi kuwa mnyamapori kwa kuingizwa sebuleni, kwa sababu hali yake hutokana na aina yake, wala si na makao yake ya wakati huo. Wakenya wengi walilitambua jambo hili kwa gharama miaka ya 2013 na 2014, wakati ufugaji wa kware ulipovuma nchini. Watu walinunua kware na mayai yake kwa bei ya juu, ndipo wakakumbushwa kwamba ndege huyo alihitaji leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Machoni pao kware alikuwa kama kuku. Machoni pa sheria alikuwa mnyamapori.

Tatu, ugeni wa mnyama haumwepushi na sheria, kwa kuwa spishi zilizoletwa kutoka nje zimetajwa pia. Anayedhani kwamba mjusi wa Marekani ya Kusini hahusiki na sheria ya Kenya amekosea.

Ni vyema kusisitiza kwamba hakuna kosa katika mjusi kafiri kuishi ukutani mwa nyumba ya mtu. Hakukamatwa, hakufungiwa wala hakuuzwa. Kosa huanza pale binadamu anapomtwaa kiumbe na kummiliki bila kibali.

Kaunti, taifa na jengo

Mkaazi wa Nyali anayetaka kufuata sheria hujiuliza aende ofisi gani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi baina ya serikali ya taifa na serikali za kaunti. Kaunti zilipewa udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwa ni pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Ulinzi wa wanyamapori ulibaki mikononi mwa taifa. Kwa hiyo mwenye mbwa hutazama upande wa Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilhali mwenye kenge hutazama upande wa KWS. Uamuzi wa nani atoe idhini unategemea tena lile neno moja: je, huyu ni mnyama tu, au ni mnyamapori?

Kuna ngazi ya tatu, iliyo karibu zaidi na mlango wa mtu. Nyali imejaa majengo ya ghorofa, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inaruhusu wamiliki wa jengo, kupitia shirika lao, kuwa na kanuni ndogo za kuongoza matumizi ya jengo hilo. Mikataba ya upangaji nayo huweza kukataza wanyama. Kanuni hizi zaweza kubana zaidi ya sheria ya taifa, lakini haziwezi kulegeza kilichokazwa na sheria hiyo. Mwenye nyumba akimruhusu mpangaji kuweka kenge, ruhusa hiyo si kibali cha KWS.

Kwa nini mijusi wa kigeni wabanwe

Sababu ya kwanza ni biashara. Mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya spishi zilizo hatarini kutoweka, CITES, ulitiwa saini Washington mwaka 1973 na ukaanza kutumika 1975. Vinyonga wa Kenya, kenge, pamoja na mjusi mkubwa wa kijani wa Marekani aitwaye iguana, wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo. Hii ina maana kwamba hawawezi kuvushwa mpaka wa nchi bila hati maalumu. Kila mjusi wa namna hiyo anayeuzwa kwa siri huacha nyuma yake msururu wa wengine waliokufa njiani kwa kiu, joto au kubanwa.

Sababu ya pili ni mazingira. Kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye asili yake ni nyanda za juu za Kenya na Tanzania, alipelekwa Hawaii mwaka 1972 kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufugwa. Baadhi yao walitoka nje, wakazaana, na leo wanakula wadudu na konokono wa visiwa hivyo ambao hawapatikani kwingineko. Mkenya huyo mpole wa bustani amekuwa mvamizi ugenini.

Mombasa yenyewe haihitaji kwenda Hawaii kutafuta funzo. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka. Katikati ya karne ya 20 alikuwa amekwisha kufika Mombasa, na akawa tishio kwa ndege wadogo ambao hula mayai na makinda yao. Mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni 1. Masharti juu ya mijusi wa kigeni yanakusudia kuzuia gharama ya namna hiyo kabla haijaingia.

Sababu ya tatu ni afya. Mijusi na jamaa zao huweza kubeba bakteria wa salmonela bila wenyewe kuonekana wagonjwa, na watoto wadogo ndio walio katika hatari zaidi.

Basi mamba amepitaje? Amepita kwa leseni. Sheria haikatazi ufugaji wa wanyamapori moja kwa moja, bali huuruhusu kwa shughuli inayoelezeka, katika mahali panapoweza kukaguliwa. Tofauti ya mamba wa kituoni na kenge wa sebuleni haiko katika meno yao. Iko katika kibali.

Wajibu wa Kiswahili

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, sheria zilizotajwa hapa ziliandikwa kwa Kiingereza, na mwananchi wa kawaida huzikuta kwa Kiswahili pale tu anapoonywa au anaposhtakiwa. Hapo hukutana na "mnyamapori", neno linalomwambia "pori" ilhali yeye yuko Nyali, ghorofa ya tatu.

Tatizo si neno lenyewe, ambalo limeshika mizizi na linafaa. Tatizo ni kwamba limepewa maana ya kisheria bila watumiaji wake kuelezwa. Mabango, vipindi vya redio na vitabu vya shule vingeweza kusema bayana: mnyamapori ni kiumbe wa aina isiyo ya mifugo, hata akizaliwa, akilishwa na akilala ndani ya nyumba ya mtu. Sentensi kama hiyo ingemfaa kijana wa kinyonga kuliko faini.

Maelezo hayo hayana budi kugusa pia la kufanya kwa yule ambaye tayari anaye mnyama wa namna hiyo. Kumtupa mjusi wa kigeni kichakani usiku ni kuongeza kosa juu ya kosa, kwa maana ndivyo uvamizi unavyoanza. Njia iliyo salama kwa mnyama na kwa mazingira ni kuwaarifu KWS.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba masharti ya kufuga mijusi Nyali yana ngazi tatu, yaani taifa, kaunti na jengo, na kwamba ngazi inayoamua ni ya taifa. Imeonyeshwa pia kwamba kikwazo kikubwa kwa mwananchi ni kutofautiana kwa maana ya "mnyamapori" mtaani na mahakamani. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili huzungumza sana juu ya kuunda istilahi mpya. Kazi ya kueleza zile zilizokwisha kuundwa ina haraka zaidi, kwani zimo katika hati za mashtaka. Katika msafara wa mamba na kenge wamo, na ni haki ya watu kuambiwa mapema, kwa lugha yao, kwamba sheria inawahesabu wote.