Elektroni, Hasi na Mkondo: Istilahi za Fizikia na Mwanafunzi wa Bombo

Kila istilahi ya sayansi humfikia mwanafunzi ikiwa na maana mbili: ile iliyowekwa na wataalamu, na ile aliyokwisha kuizoea nyumbani. Sifa za elektroni zadhihirisha jambo hilo.

Elektroni ni chembe iliyomo katika kila atomu. J. J. Thomson aliithibitisha mwaka 1897 huko Cambridge. Tungamo lake ni takriban 1/1836 ya tungamo la protoni, na chaji yake ni hasi, yenye ukubwa wa kulomu 1.602 × 10⁻¹⁹. Jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kaharabu, ambayo ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Kaharabu nalo ni neno la asili ya Kiajemi, na Kiarabu kimelitumia kuutaja umeme. Kiswahili kilitazama mawinguni: neno umeme hutaja mmweko wa angani na nguvu ya nyayani pia. Uteuzi huo ni sahihi kifizikia, kwa kuwa yote mawili yahusu mwendo wa chaji.

Neno hasi lahitaji uangalifu zaidi. Katika mazungumzo, mtazamo hasi ni mtazamo mbaya. Elektroni, hata hivyo, haina ubaya wala upungufu. Majina chanya na hasi ni makubaliano yaliyotokana na Benjamin Franklin katika karne ya 18, kabla elektroni haijajulikana.

Athari ya makubaliano hayo huonekana katika neno mkondo. Mtoto wa Bombo, katika milima ya Upare wilayani Same, aijua mifereji: maji yaliyokusanywa katika ndiva hufunguliwa yakashuka mashambani, na mkondo ni maji yenyewe yaendako. Katika mchoro wa betri na waya, mshale wa mkondo hutoka ncha chanya kwenda ncha hasi, ilhali ndani ya waya elektroni huelekea upande wa pili. Asiyeelezwa hivyo hudhani ama mwalimu amekosea, ama yeye hana akili ya sayansi.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitolewa mwaka 1990. Tatizo, basi, si uhaba wa maneno. Mwanafunzi aingiapo sekondari, ambako hufundishwa kwa Kiingereza, haachi mfereji wake mlangoni. Kazi ya mwalimu ni kuonyesha mfereji unapofaa kuwa mfano, na unapokoma kufaa.