Wanaorudi kwenye Reinjifainda

Kati ya kamera zote zinazouzwa leo, Leica M, kamera ya aina ya reinjifainda, yaani inayopima umbali kwa vidirisha viwili, ndiyo inayomshangaza zaidi mtu anayehesabu thamani ya fedha yake. Toleo la M11 lilipotoka mwaka 2022, bei yake Marekani ilikuwa dola 8,995, tena bila lenzi. Kwa fedha hizo mnunuzi hapati fokasi ya otomatiki wala video, na kidirisha chake hakina nafasi ya lenzi inayozidi milimita 135. Wakati huohuo, kwa chini ya nusu ya bei hiyo, angeweza kupata kamera isiyo na kioo ndani, zile ambazo wapiga picha huziita mirolesi, ambayo hulitambua jicho la mtu na kuling'ang'ania hata akitembea. Hata hivyo wapo walioinunua mirolesi, wakaizoea, wakaisifia, kisha wakaiuza na kurudi kwenye reinjifainda yao ya zamani. Jibu la haraka ni kwamba hayo ni majivuno ya wenye nazo, au ni kulilia enzi zilizopita. Majivuno yapo, wala sitayakana. Ila mwenye kutaka kuonekana tu hana haja ya kwenda na kurudi. Angekaa na kamera yake ya bei mbaya tangu mwanzo. Aliyetumia zote mbili, akaacha ile yenye uwezo mkubwa zaidi, ana jambo alilolikosa, na jambo hilo linaweza kuelezeka.

Tuanze na namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, ndiye aliyebuni kamera ndogo ya Leica iliyoingia sokoni mwaka 1925. Ilitumia filamu ya milimita 35, ileile ya sinema, lakini haikuwa na njia yake ya kupima umbali: mpiga picha alikisia kwa macho au alichomeka kipimo cha pembeni. Mwaka 1932 Leica II na mpinzani wake Contax zilikuja na kipimo kilichounganishwa na lenzi yenyewe. Kanuni yake unaweza kuijaribu hapo ulipo. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, kitazame kwa jicho moja kisha kwa jingine. Kidole kinaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kadiri unavyokisogeza karibu na uso ndivyo kinavyoruka zaidi. Reinjifainda ina vidirisha viwili vilivyoachana kwa kiasi cha sentimita 7 kwenye Leica M, na kila kimoja kinakiona kitu kwa pembe yake. Taswira ya kidirisha cha pili huletwa katikati ya kile unachotazamia, ikaonekana kama kivuli cheupe kilichoachana na kitu chenyewe. Unazungusha pete ya lenzi; nyuma ya lenzi kuna ukingo wa chuma unaosukuma kigurudumu kidogo ndani ya kamera, na kigurudumu hicho ndicho kinachokisogeza kivuli. Vikikutana vikawa kimoja, fokasi imekaa. Leica M3 ya mwaka 1954 ilikuwa na kila kitu ndani ya dirisha moja kubwa lenye mwanga, pamoja na mistari myeupe inayoonyesha picha itaishia wapi, na mpaka leo mpangilio huo haujabadilika sana.

Katika yote hayo, jicho halipiti kwenye lenzi hata kidogo. Unatazama kupitia kioo kitupu, kama mtu aliye dirishani. Kila kitu kinaonekana wazi, cha karibu na cha mbali, na nje ya mistari ya fremu bado unaona: mtoto anayekuja mbio kutoka kushoto, baiskeli inayotaka kukatiza mbele. Mirolesi inafuata njia iliyo kinyume kabisa. Tangu Panasonic G1 ya mwaka 2008, na zaidi baada ya Sony A7 ya mwaka 2013, mwanga hupita kwenye lenzi ukaangukia sensa, kile kifaa kinachopokea picha badala ya filamu, na kinacholifikia jicho ni skrini ndogo iliyowekwa nyuma ya kidirisha. Faida zake si za kubeza. Unaiona picha kabla hujaipiga: kama itakuwa na giza au mwanga kupita kiasi, rangi zitakavyokaa, nyuma ya mtu patafifia kiasi gani. Canon na Nikon walipoingia kwenye mirolesi za sensa kubwa mwaka 2018, mabishano kuhusu wapi soko linaelekea yaliisha.

Hoja yangu ni kwamba faida hiyohiyo ndiyo inayowarudisha baadhi ya watu. Ukioneshwa picha iliyokamilika, kazi yako inageuka kuwa ya kuihukumu. Macho yanaacha kuitazama barabara na watu wake, yanaanza kuikagua skrini: hapa pamekuwa peupe mno, kile kiboksi cha fokasi kimehamia kwa mtu mwingine, nirekebishe. Mwenye reinjifainda hawezi kukagua kwa sababu hana cha kukagua. Dirisha lake halimwambii nyuma patafifia kiasi gani wala mwanga utakuwaje. Analazimika kujua mapema, na akishajua, muda wote uliobaki ni wa kuwatazama watu.

Chukua lenzi ya milimita 35, tundu lake la mwanga lifungwe hadi f/8, fokasi iwekwe mita 3. Kwa hesabu za kawaida za filamu ya milimita 35, kila kilicho kati ya takriban mita 1.9 na mita 7 kutoka kwenye kamera kitatoka kikiwa wazi vya kutosha. Hapo hakuna fokasi ya kutafutwa tena. Mtu akiingia kwenye eneo hilo, bonyeza. Hakuna kompyuta inayoweza kuwa na kasi zaidi ya hapo, maana kazi ilishafanyika kabla tukio halijatokea. Lenzi nyingi za Leica za milimita 35 zina kishikio kidogo chini ya pete, cha kukaa kwenye ncha ya kidole. Aliyeizoea lenzi yake hana haja ya kusoma namba: kishikio kikiwa upande huu ni mita moja na ushei, kikiwa upande ule ni mbali. Anaweka umbali kamera ikiwa bado kifuani, na inapofika jichoni kilichobaki ni kuamua lini.

Atakayebisha atasema yote hayo yanawezekana kwenye mirolesi: zima otomatiki, weka f/8, weka mita 3, kazi imekwisha. Pingamizi hilo ni zito. Kwenye karatasi ni kweli. Tatizo linaanzia kwenye pete. Lenzi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya mirolesi zina pete ya fokasi isiyogusa kitu chochote ndani. Ukiizungusha, inatuma ishara ya umeme kwa mota, na mota ndiyo inayosogeza vioo. Nyingi hazina namba za umbali wala mahali pa kukomea. Unazungusha tu bila mwisho, na katika baadhi yake kuzungusha haraka kunasogeza fokasi mbali kuliko kuzungusha taratibu, hata kama mkono umetembea umbali uleule. Nyingine hazikumbuki ulipoacha ukizima kamera. Kidole hakiwezi kujifunza kitu kinachobadilika kila mara. Unaweza kufunga lenzi ya Leica kwenye Sony kwa kutumia adapta, na wengi wamepitia njia hiyo. Hapo pete ni ya kweli, lakini ili uwe na uhakika wa fokasi unabonyeza kitufe cha kukuza, unaona jicho la mtu limejaa skrini nzima huku fremu yako imepotea, unalenga, unarudisha, na mtu amekwisha kugeuka. Tena vioo vilivyo mbele ya sensa za kamera hizo ni vinene kuliko lenzi pana za zamani zilivyotarajia, hivyo pembe za picha hutoka zimevurugika.

Pingamizi la pili linahusu usahihi, na hapa mirolesi inashinda waziwazi. Lenzi ya milimita 50 ikifunguliwa hadi f/1.4, mtu akiwa umbali wa mita moja, eneo lililo wazi ni kama sentimita 3 tu. Mpiga picha akiyumba kidogo mbele, jicho limefifia na sikio ndilo linalong'aa. Kipimo cha reinjifainda nacho ni chuma kwa chuma: kamera ikigongwa, kile kigurudumu kinaweza kuhama kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na picha zote zikaanza kutoka na fokasi nyuma ya uso. Si fundi yeyote wa kamera anayeweza kukirudisha, kwa hiyo anayeishi Mwanza au Mombasa ajiulize fundi wake yuko wapi kabla ya kufungua pochi. Kwa anayepiga harusi, ambako bibi harusi hatatembea mara ya pili ukumbini kwa sababu ya fokasi, mirolesi ndiyo chombo cha kazi. Kadhalika mpira wa miguu. Kadhalika simba wa Serengeti, ambaye kwa lenzi ya milimita 135 atatoka kama paka aliyeko ng'ambo ya uwanja.

Wala ushindi huo si mpya. Nikon walikuwa na reinjifainda nzuri sana, SP ya mwaka 1957, lakini miaka miwili baadaye wakatoa Nikon F, kamera yenye kioo ndani iliyomwezesha mtu kutazama kupitia lenzi yenyewe. Waandishi wa habari walihamia huko kwa wingi kwa sababu za maana: lenzi ndefu, picha za karibu, na fremu iliyo sahihi. Mistari ya reinjifainda ni ya kukadiria, na anayedai vingine anavutia kamba upande wake. Picha maarufu ya Che Guevara, yule aliyepitia Dar es Salaam mwaka 1965 akielekea Congo, ilipigwa na Alberto Korda mjini Havana tarehe 5 Machi 1960 kwa Leica yenye lenzi ya milimita 90. Picha tunayoiona kwenye fulana si ile iliyotoka kwenye kamera: upande mmoja kulikuwa na mtu mwingine, upande wa pili majani ya mti, na vyote vikakatwa baadaye. Korda alimpata Che kwa muda mfupi tu alipojitokeza jukwaani, akapiga mara mbili. Fremu haikuwa safi, uso ulipatikana. Biashara ya reinjifainda ndiyo hiyo, na mtu anaweza kuikataa kwa sababu nzuri kabisa.

Sasa yale majivuno. Bei ya Leica inawafanya wanaoinunua wawe na kila sababu ya kuisifia, na sifa nyingi zinazosemwa kuhusu “roho” ya picha zake ni maneno matupu. Sensa haina roho. Lakini kupima umbali kwa vidirisha viwili hakukuanza kama anasa. Kiwanda cha FED mjini Kharkiv kilianza kutengeneza nakala za Leica mwaka 1934, na baadaye Zorki za Kisovieti zikafuata. Yashica Electro 35 ya mwaka 1966 ilikuwa kamera ya familia za kawaida. Kamera za aina hizo bado zinauzwa mitumba kwa sehemu ndogo sana ya bei ya M11. Gharama imehamia kwenye filamu, ambayo roli ya kawaida haizidi picha 36 na ambayo kusafishwa kwake si kazi ya kila mtaa tena. Kinachouzwa ghali na Leica ni kuiweka mashine ile ya chuma pamoja na sensa ya kisasa, jambo ambalo kampuni nyingine karibu zote zimelikimbia.

Na Leica wenyewe wametoa ushahidi wa mwisho, ambao wengi waliuona kama usaliti. Mwaka 2025 walitoa M EV1, kamera ya ukoo wa M isiyo na kipimo cha umbali kabisa. Badala ya dirisha ina skrini ya elektroniki kama mirolesi nyingine. Kwa hesabu ya haraka hapo hoja yangu imekufa. Naona imenyooka zaidi, kwa sababu kamera hiyo inavitenganisha vitu viwili vilivyozoeleka kuuzwa pamoja. Lenzi zake ni zilezile, zenye pete ya kweli na namba za umbali, kwa hiyo ile nafasi ya kuamua mapema imebaki. Kilichoondoka ni kutazama nje ya fremu. Anayefikiria kurudi anapaswa kujua ni kipi kati ya hivyo viwili anachokitaka, na anaweza kujua bila kutumia fedha yoyote: achukue mirolesi aliyonayo, aweke lenzi ya milimita 35 au inayokaribia hapo, azime otomatiki, f/8, mita 3, afunike skrini ya nyuma, atembee nayo wiki kadhaa. Akiona hilo limemtosha, abaki na fedha yake, au atafute tu lenzi ya mkono yenye namba. Akiona bado amefungiwa ndani ya skrini, ipo Fujifilm X100, iliyoanza mwaka 2011, ambayo ina dirisha la kioo lenye mistari ya fremu na fokasi ya otomatiki juu yake. Baada ya hapo ndipo ifikiriwe M. Na kama anavaa miwani, aishike kwanza dukani: kwenye dirisha la Leica mistari ya milimita 28 iko pembeni kabisa, na wenye miwani wengi hawaioni yote bila kuzungusha jicho huku na huku.