1390: Urudie au Uache?

Mwanafunzi aliyepata 1390 kwenye SAT na mwenzake aliyepata 1400 wametofautiana kwa hatua moja tu, kwa sababu alama za mtihani huo hupanda kwa kumi kumi. Lakini wa kwanza ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kujiandikisha tena. Watafiti Devin Pope na Uri Simonsohn walilionyesha jambo hili mwaka 2011: wanaoishia chini kidogo ya namba iliyotimia hurudia mtihani zaidi kuliko walioifikia. Hakuna chuo kilichowaambia kwamba mlango unafungukia kwenye 1400. Ni macho yao tu yaliyopenda mia iliyokamilika.

SAT ndio mtihani ambao vyuo vingi vya Marekani vyenye ushindani mkali huutazama vinapochagua wanafunzi. Alama huanzia 400 hadi 1600, na zinatokana na sehemu mbili, Kusoma na Kuandika kwa upande mmoja na Hesabu kwa upande wa pili, kila moja ikiwa na alama 200 hadi 800. Tangu Machi 2023 kwa wanaofanyia nje ya Marekani, na Machi 2024 kwa walioko huko, hufanywa kwa kompyuta: maswali 98 kwa saa 2 na dakika 14. Ukifanya vizuri nusu ya kwanza ya sehemu, nusu ya pili hukuletea maswali magumu zaidi.

Kila kipimo kina makosa yake, na mtihani ni kipimo. Laiti mtu yule yule angeufanya mara nyingi, bila kujifunza jipya wala kusahau la zamani, alama zake zisingekuwa zile zile. Siku moja ataangukia kifungu cha habari kuhusu mada anayoipenda, siku nyingine atabahatisha vibaya maswali mawili ya mwisho. Kwa SAT, mtawanyiko huo ni takriban alama 30 juu au chini kwa kila sehemu, na karibu theluthi mbili ya majaribio yangeangukia ndani ya mipaka hiyo. Kwa hiyo swali la kurudia au kutorudia halianzi na ukubwa wa alama. Linaanza hapa: alama hii ilikuwa ya bahati, au ya mkosi?

Tuseme uwezo halisi wa binti fulani kwenye Hesabu ni 690. Vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka katika mitihani yote aliyofanya mwombaji, kwa hiyo akirudia na kushuka, ile ya kwanza inabaki. Nimepiga hesabu ya faida anayoweza kuitarajia kwa kurudia bila kujifunza chochote cha ziada. Ikiwa mara ya kwanza alipata 690 yake halali, kwa wastani ataongeza alama 12. Ikiwa alipata 660, ataongeza kama 32. Na ikiwa alipata 720, faida anayoweza kuitarajia ni alama mbili au tatu, ambazo hata kwenye cheti hazionekani. Binti ni yule yule, mtihani ni ule ule, lakini jibu la busara ni tofauti kabisa.

Mwanasayansi Francis Galton aliligusa jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na watoto wao: wazazi warefu kupindukia huzaa watoto warefu, ila kwa kawaida si warefu kama wao. Kilicho mbali na wastani huelekea kurudi karibu na wastani. Kwenye mitihani, aliyeangukia chini ya uwezo wake ana nafasi kubwa ya kupanda hata akikaa bure.

Na hapo ndipo biashara ya tuisheni inapovuna. Nani hukimbilia masomo ya ziada baada ya matokeo? Aliyesikitika, na miongoni mwa waliosikitika wengi ni wale ambao siku ile haikuwa yao. Wangepanda hata bila mwalimu, lakini mwalimu yupo, na sifa anazichukua yeye. Mtafiti Derek Briggs, aliyewalinganisha waliosoma tuisheni na wenzao wanaofanana nao ambao hawakusoma, alikuta faida inayotokana na tuisheni yenyewe ni kama alama 10 hadi 20 kwenye Hesabu, na 5 hadi 10 kwenye kusoma. Si bure, lakini ni mbali na mamia yanayopakwa rangi kwenye mabango.

Msomaji asinielewe vibaya nikaonekana nawakataza watu kurudia. Ushahidi unaelekea upande wa pili. Joshua Goodman, Oded Gurantz na Jonathan Smith waliugeuza ule udhaifu wetu wa kupenda mia kuwa chombo cha utafiti. Waliona kwamba aliyeishia chini kidogo ya mia na aliyeifikia wanalingana karibu kwa kila kitu, isipokuwa mmoja ana uwezekano zaidi wa kurudia. Basi tofauti itakayojitokeza baadaye katika maisha yao ya chuo imetokana na kule kurudia. Katika makala yao ya mwaka 2020 walionyesha kwamba kurudia huongeza alama kwa kiasi kikubwa na huwafikisha wengi zaidi kwenye vyuo vya miaka minne, hasa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo. Lakini nusu tu ya watahiniwa ndio waliokuwa wakirudia, na hao wa kipato kidogo walirudia kwa uchache zaidi. Kama kila tabaka lingerudia sawasawa, hadi asilimia 10 ya pengo la kipato katika kuingia vyuo hivyo ingezibika. Mwenye 1540 anayepoteza usingizi akitafuta 1570 anatumia vibaya haki ambayo mwenye 1150 hajui kwamba anayo.

Kuna pia kosa la kudharau alama nzuri. Chuo cha Dartmouth kilipotangaza mwaka 2024 kwamba kinarudisha sharti la mtihani, watafiti wake walikuwa wameona kwamba waombaji kutoka mazingira magumu walificha alama ambazo zingewasaidia. Wasomaji wa maombi huilinganisha alama na shule aliyotoka mtoto. Kwenye chuo cha MIT, nusu ya kati ya wanaopokelewa hupata kati ya 780 na 800 kwenye Hesabu. Pengo hilo ni dogo kuliko kosa la kipimo chenyewe, na sioni kwa nini mwenye 780 alipe tena.

Kulipa si jambo dogo huku kwetu. Mtanzania au Mkenya anayeomba vyuo vya huko hapati ule msamaha wa ada wanaopewa Wamarekani wasio na uwezo, na juu ya ada ya kawaida huongezewa ya kimataifa. Akiwa Songea au Lodwar, aongeze nauli na malazi. Tena amekulia kwenye utamaduni ambamo kurisiti ni kurudi mwaka unaofuata kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtaa mzima ukijua. SAT haina aibu hiyo: hufanywa mara kadhaa kwa mwaka, na vyuo vingi havitaki hata kujua ulifanya mara ngapi, ingawa Chuo cha Georgetown huomba alama zote.

Njia ya kujua kama ulipata bahati au mkosi ni ya bure. Programu ya Bluebook, inayotumika kwenye mtihani wenyewe, ina mitihani kamili ya mazoezi. Fanya miwili au mitatu, ukijipimia muda, simu ikiwa chumba kingine, kisha chukua wastani. Ukizidi alama yako rasmi kwa 40 au zaidi, rudia, hata kesho. Ukilingana nayo, kurudia peke yake hakutakufikisha mbali mpaka kitu kibadilike katika kusoma kwako, na mabadiliko hayo huhitaji majuma, si siku. Badiliko moja ni kujipima: watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya juma moja, waliojipima kwa kukumbuka walibaki na asilimia 56 ya waliyosoma, na waliorudia kusoma tu wakabaki na asilimia 42. Kwa anayeomba mapema, ambaye vyuo vingi humwekea ukomo wa tarehe 1 Novemba, mtihani wa Agosti unampa nafasi ya kuona matokeo kabla ya kuamua kuhusu ule wa Oktoba.